Jagari Hakurudi Kuwa Kijana

Jioni moja stima ilikuwa imerudi baada ya kupotea mchana mzima, nikaweka Zango kwa spika na kufungulia sauti kuliko inavyomfaa mtu anayeishi kwa ploti. Ngoma ya pili haikuwa imeisha mlango ukagongwa. Ni landlord. Hapa Kware, landlord akigonga jioni ni mambo mawili tu, kodi ama kelele, na kodi nilikuwa nimelipa. Nikapunguza sauti mbio. Mzee akasimama mlangoni, kofia mkononi, akaniuliza: "Kijana, hiyo gita imeharibika ama inataka kulia hivyo?"

Nikamwambia inataka, mzee.

"Basi rudisha juu."

Akasikiza amesimama mpaka wimbo ukaisha. Akauliza hawa ni watu wa wapi. Nikamwambia Zambia. Akatikisa kichwa kama mtu aliyekuwa na jibu tayari. "Nilijua. Hiyo besi si ya mzungu." Halafu akaenda zake, na mimi nikabaki na albamu ambayo sasa ilibidi niisikize tena kutoka mwanzo, kwa sababu mzee wa miaka sabini na kitu alikuwa ameisikia kabla yangu.

Ukitoka hapa Kitengela ukashika barabara ya Namanga usigeuke popote, utavuka mpaka, utapita Arusha, Dodoma, Iringa na Mbeya, mpaka Tunduma. Ng'ambo ya Tunduma ni Zambia. Ni barabara moja. Malori yanayotutimulia vumbi kila siku yanaijua vizuri. Sisi wasikilizaji ndio tumesahau kwamba muziki pia uliwahi kuipita. Miaka ya 70, bendi za roki za Zambia zilikuwa zikija Nairobi kutafuta studio. Musi-O-Tunya, bendi ya kina Rikki Ililonga, ilikaa Kenya na kurekodi hapa. WITCH wenyewe walikuja Nairobi kurekodi. Kwa hivyo mtu akikuambia roki ni kitu kigeni kilicholetwa na watoto wa shule za bei kali juzi juzi, mwambie aulize vizuri.

Tuanze na jina. WITCH ni kifupi cha maneno ya Kiingereza yanayomaanisha kwamba jamaa hawa wamekusudia kuleta fujo. Walitoka Kitwe, kwenye mkanda wa shaba, mahali ambapo mchanga na mawe ndiyo mshahara wa watu. Zambia ilikuwa imepata uhuru 1964, shaba ilikuwa na bei, vijana walikuwa na pesa kidogo mfukoni na redio sebuleni. Rais Kaunda naye akatoa amri kwamba asilimia 95 ya muziki unaopigwa redioni uwe wa Kizambia. Fikiria hiyo kwa makini. Hakusema uwe wa aina gani. Vijana waliokuwa wamelelewa na santuri za Hendrix, James Brown na Rolling Stones wakaona mlango umeachwa wazi, wakaingia na gitaa za umeme. Kilichotoka humo ndicho watu wanakiita Zamrock: roki yenye fazi, ile sauti ya gitaa iliyokwaruzwa mpaka landlord wangu akadhani imeharibika, ikikaa juu ya mdundo ambao mtu wa huku anautambua kwa kiuno kabla ya kichwa.

Mwimbaji wao alikuwa Emmanuel Chanda, kijana ambaye watu walimfananisha na Mick Jagger wakamwita Jagari. Hata hilo jina ni somo. Wamelichukua la Mzungu, wakalitia irabu mwishoni, likawa lao. Albamu yao ya kwanza, Introduction, ilitoka mwanzoni mwa miaka ya 70 na inahesabiwa kati ya za kwanza kabisa za biashara kutolewa Zambia. Zikafuata In the Past na Lazy Bones!!, na hii ya mwisho ndiyo wengi wanaiona kama kilele chao. Maonyesho yao yalikuwa ya saa nyingi, na umati ulikuwa wa kuitiwa polisi.

Kisha bei ya shaba ikaanguka. Nchi jirani zilikuwa vitani, kukawa na nyakati za kafyu na giza, bendi zikalazimika kupiga mchana badala ya usiku. Jagari akatoka mwaka 1977 akaenda kusoma na kufundisha muziki. Waliobaki wakaingia kwenye disko, na mnamo 1984 wakatoa albamu yao ya mwisho. Halafu ukaja UKIMWI. Hapa sitaki kupamba neno. Ugonjwa ulikizoa kizazi kizima cha wanamuziki wa Zambia. Gideon Mwamulenga wa besi, Chris Mbewe wa gitaa, Boidi Sinkala wa ngoma, John Muma, wote walikufa. Katika kikosi kile cha mwanzo amebaki mmoja, Jagari, na kwa miaka mingi kazi yake ilikuwa kuchimba vito vya thamani ardhini.

Nimeishi Kware vya kutosha kujua sura ya mtu anayetafuta riziki kwenye jiwe. Mtaa wetu umepata jina lake kwa machimbo. Asubuhi unaamshwa na nyundo na lori linalorudi nyuma likilia. Nilipoiona ile filamu ya Gio Arlotta ya 2019 kuhusu bendi hii, mambo ya jukwaani hayakunishika sana. Kilichonishika ni picha ya huyu mzee akiwa mchimbaji, mtu aliyewahi kuzuia mji mzima usilale, sasa anapiga sururu akiwa na matumaini kwamba siku moja atapata jiwe litakalomrudisha studio. Huku kuna wazee kama hao. Kuna fundi wa mawe hapa chini ya stage ambaye akipata soda ya kutosha atakuambia bendi gani alipiga kongas mwaka gani. Tunamcheka kidogo, tunaenda zetu.

Sasa, Zango. Ilitoka Juni 2023, albamu ya kwanza ya WITCH kwa karibu miaka 40, na ilirekodiwa DB Studios, Lusaka. Jina lenyewe wanalifasiri kuwa mahali pa kukutana. Kwenye kinanda yuko Patrick Mwondela, aliyeingia bendi zile siku za disko baada ya Jagari kutoka. Yaani watu wawili waliokuwa WITCH kwa nyakati tofauti wamekutana kwenye albamu moja. Waliobaki ni wageni, na hilo nitalirudia.

Albamu za kurudi zina ugonjwa wao, na ukisikiliza roki ya wazee wa ng'ambo unaujua. Kuna wanaorudi wakivaa suruali za ngozi zilezile na kuimba kuhusu wasichana wa miaka 19. Hao wanatuaibisha sote. Kuna wanaorudi na gitaa la mbao na kuomba msamaha kwa kila kitu, wimbo baada ya wimbo wa machweo na wajukuu, na wahariri wanaandika kwamba wamekomaa. Kukomaa kwa aina hiyo ni kuchoka kulikopewa jina zuri. Kuna na njia ya tatu, ambayo ni ya heshima: kupiga upya nyimbo zako za zamani kwa vyombo vizuri zaidi. Les Mangelepa, wale Wakongo walioifanya Nairobi nyumbani tangu 1976, walifanya hivyo kwenye Last Band Standing ya 2017, na sina neno baya juu yake. Ni kama kupiga picha ya familia upya kabla babu hajaenda.

Zango imekataa njia zote tatu. Hapa kuna fazi nyingi kuliko mahali pengi kwenye albamu zao za zamani. By the Time You Realize inafungua mlango kwa kishindo, na gitaa halikulainishwa kwa ajili ya umri wa mtu yeyote. Ila sikiliza sauti ya Jagari juu yake. Haishindani na gitaa. Kijana wa miaka ya 70 angepiga kelele ili asikike. Huyu mzee anasema maneno yake kwa kasi yake, sauti imekuwa nzito na ina mikwaruzo, na anaingia kwenye mdundo akiwa amechelewa kidogo, vile mzee huingia kwenye mkutano akijua hawataanza bila yeye. Ukomavu wa albamu hii uko hapo, kwenye mahali anapoiweka sauti. Muziki umebaki na fujo iliyoahidiwa kwenye jina la bendi. Mwimbaji ndiye amepata subira.

Wimbo niliokuwa nao landlord akigonga ni Waile, na kwangu ndio moyo wa albamu. Umeimbwa kwa Kibemba, na mtu wa Kiswahili akitega sikio anaweza kukisia kwamba ni habari ya mtu aliyekwenda. Ni wimbo uliokuwepo tangu miaka ya 70 bila kuingia kwenye santuri. Zamani ulikuwa wimbo wa kuachana, mmoja kaenda, mwingine kabaki anamngoja. Ukiimbwa leo na mtu aliyezika bendi yake yote, neno "ameenda" limebeba majina ambayo halikuwa nayo alipoutunga. Hakuongeza ubeti wa maombolezo, na sidhani ulihitajika. Miaka yenyewe imeuandika upya. Nimejaribu kukumbuka wimbo mwingine uliongoja muda hivyo hadi ukapata maana yake, nimekosa.

Unimvwesha Shuga uko upande wa pili kabisa, mtamu na wa kuchezeka, na huhitaji mkalimani, shuga ni shuga. Albamu imewaleta pia Theresa Ng'ambi na Hanna Tembo mbele ya maikrofoni, na hapo inapumua, kwa sababu Zamrock ya zamani ilikuwa chama cha wanaume. Streets of Lusaka ni matembezi ya mjini kwa gitaa chafu, na ni wimbo ninaoupenda kwa wivu. Nairobi ina nyimbo nyingi za kuilaumu na nyingi za kuitongoza. Kitengela haina hata moja ya kutembea ndani yake tu, kutoka Noonkopir mpaka barabara kuu, ukitaja unachokiona.

Halafu kuna Avalanche of Love, ambapo Sampa the Great anashika rapu. Yeye ni mzaliwa wa Zambia aliyekulia Botswana na kupata jina Australia, na mwaka uliotangulia alikuwa amewaita WITCH kwenye albamu yake, kwa wimbo Can I Live?. Kwa hivyo hapa anarudisha ziara. Najua wengi wenu ndio wimbo mliofika nao kwanza, kwa sababu ndio uliozunguka. Mimi naona haujafika. Yeye anaingia kwa moto, bendi inampisha mno, na kwa dakika hiyo Jagari anakuwa mgeni kwenye wimbo wake mwenyewe. Kule kwa Sampa, wao ndio walikuwa wageni na kila mtu alijua mahali pake. Huku ni kama mwenye nyumba amehama chumba kimya kimya ili mgeni alale vizuri. Ni adabu nzuri, lakini wimbo unahitaji ubishi.

Stop the Rot nayo ina shida ya nyimbo zote zinazotaja ugonjwa wa nchi bila kumtaja mgonjwa. Kuoza kunatakiwa kukome, sawa, hakuna anayepinga, hata waozeshaji wenyewe wataitikia kiitikio. Mtu aliyeona kafyu, shaba ikianguka, rafiki zake wakifa na muziki wake ukiuzwa ng'ambo kwa bei ambayo yeye mwenyewe asingeweza kuilipa, ana jambo la kusema lililo kali kuliko hilo. Hapo subira niliyoisifu inageuka kuwa mahubiri ya Jumapili.

Sasa lile la wageni. Landlord wangu alisema besi ile si ya mzungu. Besi imepigwa na Jacco Gardner, Mholanzi. Ngoma ni za Mholanzi mwingine, Nico Mauskovic. Kwenye gitaa yupo Mjerumani, JJ Whitefield. Sijapata nguvu ya kumwambia mzee.

Hapa ndipo hoja yote ya albamu hii inasimama ama kuanguka, na nimeona waandishi wengi wakiipita upesi. Ukiwa na mzee mmoja Mzambia mbele, mwenzake mmoja kwenye kinanda, na nyuma yao Wazungu waliojifunza sauti hii kwa santuri zilizotolewa upya na Now-Again ya Marekani, hiyo ni WITCH bado? Ama ni kikundi cha mashabiki waliopata bahati ya kumpata mwimbaji halisi? Kuna jibu la haraka la hasira, na siku nyingine ningelitoa. Kwamba wametuchukulia tena. Kwamba Mwafrika ametoa roho na Mzungu ametoa tiketi za tamasha.

Lakini sikiliza kwanza. Wale vijana hawachezi kama watu walioshika usukani. Wanacheza kama watu waliosomea sauti ya marehemu fulani na wanaogopa kuikosea. Besi ile inajua Gideon Mwamulenga alikuwa akiacha nafasi wapi. Ikiwa mzee aliyeishi Nairobi ya miaka ya 70 amedanganyika akiwa mlangoni mwangu, basi mwanafunzi amefaulu mtihani. Swali linalonikaa kooni halimhusu Gardner hata kidogo. Linatuhusu sisi. Kwa nini aliyekuja kuisomea besi ile alitoka Uholanzi, wakati barabara ya kwenda kwa mwalimu inapita mbele ya stage yetu? Nairobi ina bendi za roki, tena nzuri, na nyingi zinamjua kila mpiga gitaa wa Seattle kwa jina la pili. Muulize yeyote kati yao kuhusu Paul Ngozi. Nilijiuliza mwenyewe na jibu langu miaka mitano iliyopita lilikuwa sifuri. Nilifika kwa Zamrock kupitia video iliyopendekezwa na simu, iliyowekwa na mtu wa ng'ambo, kama wengi wenu.

Kwa hiyo sitamlaumu Jagari kwa kupokea mkono uliompokea. Mtu akikaa miaka 30 akingoja wenyeji waje, halafu mlangoni akatokea mgeni na besi, atamfungulia. Na jina la albamu, mahali pa kukutana, halikusema ni nani aliyealikwa. Sisi tuliobaki nje tulikuwa na ufunguo tangu zamani.

Mwisho wa yote, Zango ni albamu nzuri yenye nyimbo mbili dhaifu na mmoja ambao ningependa uchezwe nikizikwa. Haikunishawishi kwamba miaka ya 70 inaweza kurudi, na naona Jagari mwenyewe hakuwa akijaribu. Alichofanya ni kuingia studio akiwa na umri wake wote, akabeba jina ambalo wenzake walikufa wakiwa nalo, akalifanyia kazi badala ya kulitundika ukutani. Na hakukaa chini baada ya hapo: mwaka 2025 walitoa nyingine, Sogolo, neno la Kinyanja lenye maana ya mbele, ya wakati ujao. Mtu wa miaka zaidi ya sabini kuita albamu jina hilo ni ujeuri, na ni ujeuri unaofaa bendi iliyoahidi fujo.

Juzi mwisho wa mwezi nilipeleka kodi mwenyewe, sikungoja kugongewa. Nilikuwa na simu na hiyo albamu ndani. Nikamwambia mzee besi ilipigwa na nani. Alinyamaza muda, akahesabu pesa mara mbili kama kawaida yake, akaziweka kwa kofia. Halafu akasema, "Basi huyo mzungu alifundishwa vizuri." Akatazama upande wa machimbo, ambapo vijana walikuwa wanapakia lori la mwisho la siku.

"Na wewe unafundishwa na nani?"